Mrija wa Mzee Luhende

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa bwenini kabla sijagusa mgonjwa hata mmoja. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, alisimama mlangoni mwa wodi, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia nikakate kucha. Nilikuwa nimezikata jana yake. Nikazikata tena mpaka vidole vikauma, nikarudi, akasema, "Sasa unaweza kumsogelea mgonjwa." Ilikuwa hospitali moja ya mjini Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, nami binti wa Ushirombo niliyesomeshwa na masista na kudhani nimeshajua kila kitu. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nawachukia mametroni wote. Yule wa kucha nilimpenda.

Vijana mnaoanza uuguzi siku hizi mnapenda kuniuliza tulifanyaje kazi bila hiki na bila kile. Tulifanya. Sindano zilikuwa za kioo, tukazichemsha, na butu tukazinoa kwenye jiwe. Glavu za mpira tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda na kuzivaa tena mpaka zitoboke. Mashuka yalipigwa pasi ya mkaa. Sikukaa kuandika haya ili kulalamikia vifaa. Hasira ninayo, na mtaiona, lakini haihusu vifaa.

Inahusu wagonjwa wa koo. Katika wodi yetu walikuwa wanakuja wazee, wengi wanaume, waliokonda hadi mabega yametokeza kama henga ya nguo. Walikuwa na kansa ya umio, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi kwenye mfuko wa chakula. Uvimbe unaota ndani ya njia na kuiziba polepole. Mwanzo ugali unakwama, mgonjwa anausukuma kwa maji. Kisha ugali haupiti kabisa, anahamia kwenye uji. Kisha uji nao unarudi. Mwishoni hata mate yake mwenyewe hayamezi, anatembea na kopo mkononi, anatema kutwa. Anakuwa na njaa, tena njaa kali, anasikia harufu ya vyungu vya wenzake na hawezi kufanya lolote. Kwa waganga wa kienyeji ameshapita, kwenye zahanati ameshapewa vidonge vya kiungulia, na sisi ndio mlango wa mwisho.

Na mlango huo ulikuwa unafungwa. Daktari Mkuu wa pale aliwapima, akawapiga picha baada ya kuwanywesha ile dawa nyeupe inayoonyesha njia ilipozibia, kisha akasema neno lilelile kila mara. "Arudi kwao."

Siku moja nikamwuliza, "Akale nini huko kwao, Daktari?"

"Nesi, hapa tunatibu watu. Huyu hatibiki. Kitanda kinasubiriwa."

Sikuwa na cheo cha kumjibu. Nilimfungia mzee wa watu mzigo wake, nikamsindikiza hadi stendi, na kopo lake mkononi. Njia nzima ya kurudi nililia kwa hasira, maana huruma peke yake hainitoi machozi.

Mume wangu alikuwa mwalimu. Alipohamishiwa upande wa Geita nikaomba kazi katika hospitali ya misheni iliyokuwa huko, ambayo jina lake naliacha, kwa kuwa waliohusika wengi wameshatangulia. Huko nikamkuta Daktari wa Upasuaji, mzungu mrefu, mwenye Kiswahili cha kujisomea kitabuni. Mgonjwa wa koo wa kwanza niliyempeleka kwake nilikuwa nimeshajiandaa kusikia "arudi kwao." Badala yake aliniambia, "Ugonjwa hatuwezi kuuondoa. Njaa tunaweza."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo vitabu vyetu vya mafunzo viliigusa kwa mistari michache. Haiponyi, ila inampa mgonjwa nafasi ya kuishi kama mtu katika muda uliobaki. Kansa ikiwa imeziba utumbo mkubwa, daktari anakata utumbo juu ya kizuizi na kuutoa nje kwenye ngozi ya tumbo, choo kipitie hapo, nasi tunamfundisha mtu kujisafisha na kujifunga vitambaa. Ikiziba mlango wa kutokea kwenye mfuko wa chakula, anaunganisha mfuko na utumbo chini ya kizuizi, kama dereva anayepita pembeni ya daraja lililovunjika. Na ikiziba umio, anaweka mrija wa tumboni.

Mrija huo ni wa mpira. Mgonjwa analazwa kwa nusukaputi, au kama amedhoofika sana anachomwa ganzi ya mahali pale tu. Daktari anapasua kidogo upande wa kushoto, chini ya mbavu, anautafuta mfuko wa chakula, anauingiza mrija, anashona uzi kuuzunguka usivuje wala kuchomoka, na ncha ya pili inabaki nje ya ngozi. Baada ya hapo kazi ni ya nesi. Mgonjwa anaketi wima. Unafungua kibanio, unachomeka faneli, unaiinua juu, unatanguliza maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha uji mwepesi uliochujwa, maziwa, yai, karanga zilizosagwa laini kabisa, halafu maji tena ya kuusafisha mrija. Ukimimina kwa pupa anatapika. Ukisahau maji ya mwisho, uji unakaukia ndani na mrija unaziba. Ukiona haupiti, usisukume kwa nguvu. Na ukichomoka, mlete mgonjwa upesi, maana tundu linaanza kujifunga mara moja. Nilikuwa nayasema haya kwa ndugu wa wagonjwa kama sala, nayakumbuka hadi leo bila kukosea.

Sasa nimfikie Metroni wa pale. Alikuwa mwanamke wa kwetu kabisa, mzaliwa wa karibu na Maganzo, mwenye akili nyingi, na aliyepanda hadi cheo kile wakati ambapo wanawake weusi walikuwa bado wanaonwa kama wa kudeki. Alikuwa na msemo wake: "Desturi inaishia getini." Aliutumia kuwazuia watu wasifunge hirizi juu ya vidonda, wasijazane ukoo mzima wodini, wasikatae damu. Na katika hayo nilimuunga mkono. Lakini alikuwa ameanza kuamini kwamba mtu akivuka geti la hospitali desturi humtoka mwilini kama vumbi. Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba ndugu aliyekuja kumuuguza mgonjwa, yule anayelala kwenye banda la wapishi na kumpikia, ndiye atakayefundishwa mrija. Awe nani, hakujali.

Mzee Luhende aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, kisha kwa basi. Alikuwa mfugaji, mjane, mtu wa heshima zake. Aliyemsindikiza ni mke wa mwanawe mdogo, Mama Holo, mama kijana aliyemfunga mwanawe Holo mgongoni. Mwana mkubwa alikuwa machimboni akitafuta dhahabu, haijulikani atarudi lini, na yule mdogo, Mabula, alibaki na ng'ombe.

Karani wa mapokezi akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Mama Holo akatazama chini.

"Mama, jina la mgonjwa!"

Akazidi kuinama. Foleni ikaanza kunung'unika. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake akasogea, akamwuliza jambo kwa Kisukuma, Mama Holo akaonyesha kwa kidole mzee mwingine wa kijiji chao aliyekuwa benchini, na yule ndiye aliyelitaja: Luhende. Msomaji wa mbali aelewe kwamba kwetu, kwa Wasukuma na hata sisi Wasumbwa, mkwe halitaji jina la baba mkwe wake. Akikutana naye njiani anapisha, anapiga magoti, anatazama pembeni. Hali naye chakula. Hamkaribii mwilini, wala mzee hathubutu kukaa mbele yake bila kujistiri. Huo si woga, ni adabu, na wote wawili wanailinda. Karani alilijua hilo. Mimi nililijua. Metroni, aliyekuwa anapita pale na kusimama kutazama foleni, alilijua vizuri kuliko sisi wote.

Mrija uliwekwa na kidonda kikapona vizuri. Mzee Luhende akaanza kupata nguvu, akawa anakaa barazani, kopo pembeni, anauliza habari za mvua. Ilipofika siku ya kumfundisha mwuguzaji, Metroni alisimamia mwenyewe. Mama Holo akaitwa kando ya kitanda. Nesi mmoja alimfunua mzee tumbo. Mzee akageuzia uso ukutani, akafumba macho. Mama Holo alishika faneli, macho yakiwa kwenye faneli peke yake.

Nikamvuta Metroni pembeni. "Metroni, huyu ni mkwe wake."

"Kwa hiyo?"

"Akifika nyumbani hataweza kumfunua tumbo. Na mzee hatakubali. Tumwite Mabula aje afundishwe yeye, tungoje kidogo tu."

"Nesi Veronika, hospitali haina mkwe. Ina mgonjwa na mwuguzaji wake. Umemwona akikataa?"

"Hajakataa kwa sababu uko hapa."

"Basi ameweza." Akamgeukia Mama Holo. "Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, Metroni," akaitika, kwa ile sauti ya kuitikia wakubwa ambayo kila mmoja wetu ameshawahi kuitumia.

Wakaruhusiwa. Kwenye mkutano wa asubuhi Daktari wa Upasuaji akasema operesheni imefaulu, kila mtu akatikisa kichwa kukubali, hata mimi nusura nitikise.

Nilikuwa naenda vijijini na Landrova ya kliniki ya mama na mtoto. Tulikuwa tunapima watoto kwenye ghala la ushirika wa pamba, tunatundika mzani kwenye boriti. Zamu ya kijiji cha kina Luhende ilipofika, mwanamke mmoja aliyekuwa anamvua mtoto nguo akaniambia kwa kunong'ona kwamba yule mgonjwa wetu wa mrija anakufa njaa, na kwamba wazee wa ukoo wamekaa kuzungumza juu ya kumrudisha mkwe kwao, kwa kuwa anamnyima mzee chakula ili afe. Wengine walishaanza kusema ni mchawi. Katika nchi yetu neno hilo likishamgusa mwanamke, hana tena pa kulala kwa amani.

Nikamwachia mwenzangu mzani, nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Mama Holo jikoni, anachuja uji kwa kitambaa safi, kama tulivyomfundisha. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Mzee anakula?"

Akafunika sufuria. Kisha akasema, "Napika. Nachuja. Naweka mlangoni pake, nagonga ukuta, naondoka."

"Na nani anammiminia?"

Akajifuta macho kwa pembe ya khanga.

Mzee Luhende alikuwa chumbani kwake, amejifunika blanketi hadi kidevuni. Alipoliona gauni langu jeupe akakubali kufunua blanketi. Mrija ulikuwa mzima kabisa, kibanio mahali pake. Ngozi ya kuuzunguka ilikuwa imechubuka, nyekundu, kwa uji uliomwagikia pale. Alikuwa amejaribu kujilisha mwenyewe, lakini mkono mmoja unatakiwa uinue faneli na mwingine umimine, na mikono yake yote miwili ilikuwa haina nguvu. Kidogo kilichoingia ndicho kilichomfikisha siku ile. Mbavu zake ningeweza kuzihesabu kutoka mlangoni.

"Mzee, kwa nini hukutuambia?"

"Nimwambie nani, ng'wanawane?" akasema, yaani mwanangu, akatema kwenye kopo. "Mkinitaka nijivue mbele ya mke wa mwanangu, bora nife nimejifunika."

Hakuna mtu aliyekuwa anamnyima chakula mzee yule. Uji ulikuwa unapikwa kila siku, mwepesi, wenye karanga na maziwa, na mfuko wa chakula ulikuwa unausubiri. Baina ya viwili hivyo palikuwa na blanketi, na hospitali nzima yenye madaktari na wauguzi waliosoma ilikuwa imemwachia mwanamke mmoja jukumu la kulivuta. Nilitoka nje nikapiga ukuta kwa kiganja. Hadi leo nikilikumbuka blanketi lile damu inanichemka.

Jioni Mabula alirudi na ng'ombe. Nikamkabili palepale zizini. "Baba yako anakufa na wewe unamwangalia?"

Akashangaa kweli. "Nesi, hospitali ilimfundisha mke wangu. Mimi sikufundishwa. Ningeharibu je?"

Alikuwa ametutii. Mke alitii, mume alitii, na mzee alitii kwa kufumba macho. Niliwatazama wanaume waliokuwa wameanza kukusanyika kwenye shikome, ule moto wa uani ambapo wanaume wa kaya na majirani hula pamoja jioni, nikauliza kwa sauti kama kuna mwanaume pale anayeweza kuishika faneli. Mmoja akasema kulisha ni kazi ya wanawake. Mwingine akasema mambo ya mipira ni ya hospitali. Niliwatolea maneno ambayo sitayaandika hapa, na mwanamke kuwatolea wanaume maneno kwenye shikome si jambo dogo. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe, nikaona leo nalo liwe na faida.

Ndipo akacheka mzee mmoja aliyekaa mbali kidogo, mfupi, mwenye kofia ya pama iliyotoboka. Alikuwa Nkwabi, binamu yake Luhende, mtoto wa shangazi yake. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani. Anaweza kukutukana msibani, kukunyang'anya kuku, kukufunga kamba ukiwa umelewa, na huna ruhusa ya kukasirika.

"Huyo mchoyo anataka alishwe?" akasema. "Tangu utoto ananinyima. Mleteni nje, nimwone anavyokula peke yake."

"Mzee Nkwabi," nikamwambia, "utaweza kumfunua tumbo?"

"Tumbo la Luhende? Nimeliona tangu tunachunga ndama na halijawahi kunipendeza."

Mabula na mwenzake wakamleta mzee, wakamketisha karibu na moto, wakamwegemeza kwa gunia la pamba. Nikamwonyesha Nkwabi kila hatua: maji kwanza, uji, maji tena, usiharakishe, faneli ikae juu ya kifua. Mabula nikamsimamisha kando aangalie, naye ajifunze ili Nkwabi akiugua asikosekane mtu. Wanaume wengine walitazama pembeni mwanzoni. Nkwabi akainua faneli.

"Kumbe umefanyiwa mdomo wa pili ili ule mara mbili?" akamwambia. "Na huu wa chini hauna meno, sasa utakuwa huwezi hata kuning'ata."

Mzee Luhende akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akatema kwenye kopo, akafuta mdomo. "Mimina, acha maneno," akasema. "Uji unapoa."

Wanaume wakacheka naye. Mmoja akamega ugali, mwingine akavuta bakuli la mlenda, wakaanza kula, na Luhende akala nao, kwa namna yake, hapohapo motoni. Nkwabi akamkatia kipande cha nyama ya kuchoma, nikamruhusu akitafune kwa ajili ya utamu, akitafune sana na kukitema. Alikitafuna amefumba macho. Mama Holo alikuwa amesimama jikoni, kwenye kivuli cha ukuta, mbali kama adabu inavyotaka, akishikilia sufuria tupu. Sikumwita. Nilimtazama tu akaona nimemwona.

Kabla sijaondoka nikawaambia wale wazee waliokuwa wanapanga kumrudisha kwao kwamba kama wanamtafuta aliyemnyima mzee chakula, waje hospitalini nitawaonyesha ofisi. Hawakuja, lakini mazungumzo yale yaliisha.

Mzee Luhende aliishi hadi pamba ikachumwa na kupelekwa ghalani. Kila nilipopita na kliniki nilimkuta amevaa shati, amechana nywele, ngozi yake imepona. Alikufa kwa kansa yake. Nasisitiza, vijana, alikufa kwa kansa na si kwa njaa, na katika kazi yetu ile tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya matanga Mama Holo akaja hospitalini kwa miguu kuirudisha faneli. Alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka inang'aa, ameifunga kwenye kitambaa. Nikampeleka kwa Metroni.

"Faneli yenu, Metroni," akasema, akaiweka mezani.

"Ahsante. Ya mgonjwa gani?"

Mama Holo akatazama sakafu.

"Mgonjwa gani, mama? Taja jina."

Metroni akagonga meza kwa kidole. "Sema, binti, nina kazi."

Sikuvumilia. "Metroni, wewe baba mkwe wako anaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Naapa kwamba nilimwona akihangaika, mwanamke yule aliyekwenda shule zote, na jina halikumtoka. Nilidhani atakaa, atamwomba yule mama radhi, tuanze upya. Badala yake uso ukamkauka. "Nesi Veronika, toka ofisini kwangu."

Daktari wa Upasuaji alizipata habari. Aliniita, akaniuliza kwa masikitiko ya kweli, "Kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

"Ulimwuliza nani, Daktari? Ulijua urefu wa mrija, ulijua na upana wake. Aliyeushika ulijua ni nani?"

Daktari alikuwa mtu wa kusikia. Kuanzia hapo kila mwenye mrija aliulizwa ni nani wa nyumbani kwake anayeweza kumgusa: mke, mume, ndugu wa tumbo moja, mtani. Tulingoja mpaka mtu huyo aje, hata kama kitanda kinasubiriwa, na walikuja, mwingine akitokea machimboni na udongo bado masikioni. Wagonjwa wale walikufa wameshiba. Kisha mkataba wa daktari ukaisha, akarudi kwao, na sheria ya zamani ikarudi kama vile haikuwahi kuondoka. Mimi nikaambiwa nina mdomo. Nikaacha misheni, nikaingia serikalini, nikapangiwa kituo cha afya kimoja huko Kahama, kuchoma sindano za malaria na kufunga vidonda vya miguu, mbali na thieta, chumba cha upasuaji. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na niliifanya vizuri, kwani malaria nayo inaua.

Nilistaafu miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Wakanipa redio na kitenge, Mganga wa Kituo akasoma hotuba, akanisifu kwa uvumilivu. Nilisimama nikawaambia sijawahi kuwa mvumilivu hata siku moja, wakacheka wakidhani natania. Tukahamia Kalangalala, pale Geita mjini, na mume wangu, tukafungua kiduka cha chumvi na sabuni. Watu huniambia mtu akistaafu hasira hupoa. Yangu haijapoa, na sioni kwa nini ipoe. Tulikuwa na kisu na nyuzi na mpira, tukashindwa na swali moja ambalo hata mtoto wa kwetu angeuliza: huyu ni nani kwako?

Juzi nilikwenda hospitali moja kumjulia hali jirani yangu aliyevunjika mguu. Kwenye kitanda cha pili yake alilazwa mzee aliyekonda, kopo la mate pembeni, na mrija umetokeza chini ya mbavu. Nesi, msichana mzuri, kofia imenyooka, alikuwa anamwonyesha mwanamke mmoja kijana jinsi ya kuinua faneli. Mzee alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nikauliza polepole, "Binti, mzee huyu anaitwa nani?"

Yule mwanamke kijana akatazama sakafu.

Kengele ikalia. Nikavuta kiti, nikakaa katikati ya vile vitanda viwili, nikaweka kikapu changu chini. Nesi akanigusa bega kwa adabu. "Bibi, samahani, muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

"Sijaja kuona mgonjwa, mwanangu," nikamwambia. "Nimekuja kazini."